Mwalimu huchunguzwa vipi kabla ya kukabidhiwa watoto, na ni nani asiyechunguzwa

Mpwa wangu, binti ya dada yangu, amemaliza stashahada ya ualimu. Juzi alikuja nyumbani baada ya magharibi, akatoa bahasha ya kaki na kuzipanga karatasi zake mkekani moja moja. "Mjomba, zote ninazo. Imebaki good conduct tu. Lakini mimi sijawahi kushikwa hata na mgambo. Wanataka kuangalia nini?"

Swali hilo nimelisikia kwa vijana wengi wetu, kuanzia Vanga hadi Lamu, wanaotaka kuingia kazi ya ualimu. Nimelisikia pia kutoka upande wa pili, kwa wazazi: huyu anayeshinda na mwanangu tangu asubuhi hadi alasiri, je, kuna mtu aliyewahi kumtazama ni nani? Makala haya yanayajibu yote mawili kwa kadiri sheria inavyosema. Kisha kuna jambo ambalo sheria haiwezi kulifanya kwa niaba yetu, nalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Karatasi zinazotakiwa

Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, imetajwa katika kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010, na kazi zake zimefafanuliwa katika Sheria ya TSC ya 2012. Watu wengi huidhania kuwa ni mwajiri tu, yaani ndiyo inayotoa mshahara na uhamisho. Lakini kazi yake ya kwanza ni kusajili. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo kinasema mtu hatafundisha kama hajasajiliwa na tume. Hapo hapabaguliwi shule ya serikali na ya kibinafsi. Mwalimu wa shule ya mwenyewe pale mtaani, mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule kwa malipo ya wazazi, wote wanatakiwa wawe na nambari ya TSC. Walimu wa chekechea wanaoajiriwa na kaunti nao pia husajiliwa na tume, ingawa mshahara wao hautoki huko.

Maombi ya usajili hufanywa kwenye mtandao wa TSC. Mwombaji hupakia kitambulisho, cheti cha PIN ya KRA, picha ya pasipoti, vyeti vya shule na vya ualimu pamoja na orodha ya alama zake za chuoni, fomu ya afya iitwayo GP 69 iliyojazwa na daktari wa hospitali ya serikali, na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Hulipa pia ada ya usajili, ambayo kwa muda mrefu imekuwa shilingi 1,055. Aliyesoma nje, na wetu wengi wamesoma Sudan, Madina au Uganda, atahitaji kwanza vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka za hapa. Asiye Mkenya huleta cheti cha maadili cha nchi yake na kibali cha kufanya kazi.

Cheti cha maadili ndicho kinachowachosha vijana, kwa hivyo nikieleze kwa urefu kidogo. Ombi huanzia kwenye akaunti ya eCitizen, katika huduma za DCI. Unajaza maelezo yako, unalipa elfu moja na ushee, kisha unachapisha risiti na fomu iitwayo C24. Fomu hiyo ichapishwe mbele na nyuma kwenye karatasi moja. Nimeona vijana wakirudishwa kutoka kwenye foleni kwa sababu mtu wa saiba alichapisha karatasi mbili. Kisha unakwenda na kitambulisho chenyewe na nakala yake kwenye Huduma Centre au ofisi ya DCI, vidole vyote kumi vinatiwa wino na kubandikwa. Alama hizo zinapelekwa makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu, Nairobi, kulinganishwa na kumbukumbu za wahalifu. Cheti kikiwa tayari unakipakua kwenye akaunti ileile. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Usingoje tangazo la ajira ndipo uanze mbio.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya 2022, yale yaliyomkataza mwajiri kudai vyeti vya kuidhinishwa kabla hajaamua kumwajiri mtu. Mabadiliko hayo yapo, lakini yanahusu kuajiriwa. Hapa bado hujaajiriwa, unasajiliwa. Hayatakusaidia.

Na kwa watu wetu, mlango hufungwa hata kabla ya wino. Bila kitambulisho hakuna eCitizen, na bila eCitizen hakuna C24. Kijana wa Kibajuni, Mswahili mwenye jina la Kiarabu, Mpemba wa Kipini au Mmakonde wa Kwale anajua maana ya kuambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu. Wamakonde walipata uraia wao juzijuzi tu, na Wapemba baada yao. Nimejua vijana waliomaliza chuo cha ualimu kabla ya kitambulisho chao kutoka. Hilo ni jambo la makala nyingine, lakini msomaji asidhani kwamba kila aliyekosa cheti cha maadili ana doa.

Cheti kinasema nini

Cheti cha maadili mema, licha ya jina lake, hakisemi kwamba wewe ni mtu mwema. Kinasema kwamba alama za vidole vyako hazikukutwa katika kumbukumbu za wahalifu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

TSC kwa upande wake ina uwezo mpana zaidi kuliko cheti. Sheria inairuhusu kumkataa mwombaji asiye na tabia njema au aliyehukumiwa kwa kosa ambalo kwa maoni ya tume linamfanya asifae kuwa mwalimu. Kwa hivyo si kila doa humfungia mtu, na si kila mwenye karatasi safi lazima akubaliwe. Aliyekataliwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, kwa mujibu wa Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Ukikataliwa kwa neno la mdomo pale dirishani, dai maandishi.

Aliyekwisha kusajiliwa hufuatwa na sheria nyingine. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka adhabu za kunajisi mtoto kulingana na umri: kifungo cha maisha ikiwa mtoto ana miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 akiwa kati ya 12 na 15, na kisichopungua 15 akiwa kati ya 16 na 18. Kifungu cha 24 kinawagusa walimu moja kwa moja: mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi hufungwa kwa muda usiopungua miaka 10, hata pale ambapo kosa halikufikia kuwa la unajisi au ubakaji. Sheria hiyohiyo inataka kuwe na daftari la waliohukumiwa kwa makosa ya kingono, chini ya msajili wa Mahakama Kuu.

Mwaka 2010 TSC ilitoa waraka nambari 3 kuhusu kuwalinda wanafunzi na dhuluma za kingono. Ningependa kila mwanakamati wa wazazi ausome. Unamtaka mwalimu yeyote mwenye habari, au sababu ya kushuku, aripoti ndani ya saa 24. Unakataza mwanafunzi kutumwa nyumbani kwa mwalimu. Na anayeficha naye ana hatia ya kinidhamu. Mwalimu anayepatikana na kosa huondolewa kwenye daftari, na tume imekuwa ikitangaza majina ya walioondolewa ili shule nyingine zisiwaajiri. Mzazi au mwenye shule anaweza kuangalia usajili wa mwalimu kwenye tovuti ya tume. Ni kazi ya dakika tano. Sijui wenye shule wangapi huifanya.

Kwamba mfumo huu una matundu si siri. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi kule Nakuru waliodhulumiwa na mwalimu wao. Mahakama haikuishia kwa mwalimu. Iliibebesha TSC na serikali lawama pia, ikaamuru wasichana hao walipwe fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3. Hoja iliyonigusa katika hukumu ile ni kuhusu uhamisho: haitoshi kumtoa mtu shule moja na kumpeleka nyingine, halafu siku moja kumfukuza kazi. TSC ilikata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaiacha hukumu isimame.

Kumtoa hapa na kumpeleka pale. Shikilia maneno hayo, tutayarudia tukifika mtaani kwetu.

Ambaye hachunguzwi

Mtoto wa Kiislamu wa Pwani ana walimu wawili. Wa asubuhi amepitia yote niliyoyaeleza. Wa alasiri, na wa Jumamosi na Jumapili, hajapitia hata moja. Namzungumzia ustadhi wa chuo, mwalimu wa madrasa, na yule anayekuja nyumbani kumsomesha mtoto Kurani baada ya isha.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazitaja madrasa na duksi kwa jina. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinataja taasisi za mafunzo ziwe rasmi au zisizo rasmi, na kwa usomaji wangu maneno hayo yanaifikia madrasa. Maana yake ni kwamba ustadhi akikosea, sheria ya kumwadhibu ipo. Ya kumtazama kabla hajaanza haipo. TSC haimsajili, isipokuwa awe anafundisha somo la dini shuleni. Hakuna anayemwomba alama za vidole. Mara nyingi hakuna anayejua hata jina lake kamili. Huitwa kwa alikotoka au kwa sauti yake, na jina hilo hilo la mtaani ndilo analoondoka nalo.

Nitaeleza langu, kwa sababu si haki kuwaandikia wengine nikajisahau.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kamati ya madrasa, mahali ambapo sitapataja. Ustadhi wetu mzee alipofariki tulitafuta mwingine. Mwanakamati mmoja alimpigia simu rafiki yake wa mji mwingine, rafiki akamsifu kijana mmoja: amehifadhi juzuu thelathini, ana sauti, hana makuu. Alifika siku ya tatu na begi moja. Hatukuchukua nakala ya kitambulisho. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari, na kwenye daftari niliandika neno "Ustadhi", jina lake la kwanza na kiasi cha posho. Basi.

Karibu miaka miwili baadaye mama mmoja alikuja kuonana na mwenyekiti. Mwanawe wa miaka minane alikuwa amekataa kwenda chuoni, na alipobanwa alisema kwa nini. Tuliitana usiku. Ustadhi alikana. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akasema jambo hili likitoka nje litamharibia mtoto jina maisha yake yote, litaiua madrasa, na litawapa maadui wa dini la kusema. Tukafanya maslaha. Baba wa mtoto akapewa pesa za kumpeleka mtoto hospitali, tukasoma dua, na ustadhi akaambiwa aondoke kabla ya alfajiri. Aliondoka na basi la usiku.

Nilikuwepo. Sikunena neno. Mwaka uliofuata nikasikia anasomesha katika mji mwingine, watoto wengi kuliko wetu.

Kijana huyo akienda leo Huduma Centre atie vidole wino, cheti chake kitatoka safi kama cha mpwa wangu. DCI haitakuwa imekosea. Kumbukumbu haina kitu kwa sababu sisi ndio tuliohakikisha haina kitu. Yale ambayo Mahakama Kuu iliilaumu TSC kwayo, ya kumtoa mtu hapa akaenda pale, sisi tuliyafanya kwa usiku mmoja, bila hata barua ya uhamisho.

Maslaha na sitara

Najua kwa nini tunafanya hivyo, na sipendi wanaoandika kuhusu jambo hili kana kwamba wazee wetu ni watu wabaya. Uislamu umetufundisha kusitiriana. Umetukataza kusengenya. Hata Katiba, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho na njia za kienyeji za kumaliza migogoro. Na tangu misikiti ya Mombasa ilipovamiwa na kufungwa mwaka 2014, neno "madrasa" likitamkwa na mtu wa serikali sote hukaza mabega. Hakuna anayetaka kumpeleka polisi mlangoni pa chuo.

Lakini maslaha ni ya deni, mpaka wa shamba, mke na mume waliokosana. Kwa kosa la kingono sheria imefunga mlango huo. Kifungu cha 40 cha ile sheria ya 2006 kinasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka hauko kwa familia, chifu, kamati wala OCS. Sheria ilimpa Mkuu wa Sheria uamuzi huo, na chini ya Katiba ya 2010 kuendesha mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hivyo karatasi ya makubaliano inayotiwa saini barazani, hata ikiwa na muhuri wa mzee wa mtaa, haizimi kesi. Nasema hili kwa sababu wazazi wengi hudhani wakishapokea pesa wamejifunga. Hawakujifunga. Wanaweza kwenda polisi hata baada ya mwaka.

Na katika dini yenyewe tuna zaidi ya sitara. Wanavyuoni wa hadithi waliunda elimu kamili ya kuwapima wapokezi, jarh na taadili, karne nyingi kabla serikali yoyote haijabuni cheti cha maadili. Msimulizi wa hadithi aliulizwa: wewe ni nani, ulisoma kwa nani, uliishi wapi, unasema kweli sokoni? Majina yaliandikwa kwenye vitabu vikubwa pamoja na kasoro zao: huyu mwongo, huyu msahaulifu, huyu aliharibika uzeeni. Hakuna aliyesema ni kusengenya. Imamu Nawawi, katika Riyadhu Swalihina, ameeleza hali ambazo kumtaja mtu kwa aibu yake kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na kutoa ushauri unapoulizwa kuhusu mtu. Masheikh wetu wanaijua milango hiyo. Sijaisikia ikisomwa kwenye mimbari kuhusu walimu wa watoto.

Tunaijua hata bila kitabu. Kijana akija kuposa, shangazi wa bi harusi huuliza mpaka mtaa alikozaliwa mama yake. Huuliza kama anakunywa, ana mke mahali, anadaiwa. Tukiulizwa hatusemi ni kusengenya, twasema ni haki ya binti. Mtoto wa miaka sita hatumwulizii hata jina kamili la atakayekaa naye peke yake chumbani jioni tatu kwa wiki.

Waingereza walijifunza kwa msiba

Sitaki msomaji adhani ni sisi tu. Agosti 2002 katika mji wa Soham, Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunzaji wa majengo ya shule. Ilipochunguzwa ilibainika kwamba polisi wa Humberside, alikokuwa akiishi zamani, walikuwa wamepokea malalamiko kadhaa ya wanawake na wasichana dhidi yake. Hakuna lililoishia kwa hukumu ya kosa la kingono, na habari hizo hazikufika kwa walioidhinisha aajiriwe shuleni. Isitoshe, alikuwa akitumia jina la pili, na jina hilo halikutafutwa ipasavyo kwenye kumbukumbu. Tume iliyoongozwa na Michael Bichard ilitoa ripoti mwaka 2004, na kutokana nayo ukaundwa mfumo mpya. Leo anayefanya kazi na watoto kule hukaguliwa hukumu zake, pamoja na taarifa za polisi zinazoonekana kuhusika hata kama hakuhukumiwa, na orodha ya waliopigwa marufuku kukaribia watoto.

Hata wao madrasa iliwatatiza. Sheria yao ya mtu aliyeaminiwa ilikuwa ikiwahusu walimu wa shule na wengine wachache, hadi mwaka 2022 ilipopanuliwa kuwagusa makocha wa michezo na viongozi wa dini. Ya dini zote, si yetu peke yake.

Sisemi tuige kila kitu. Taarifa za polisi zisizothibitishwa, hapa kwetu ambapo kijana hushikwa kwa kuwa na ndevu na suruali fupi, zingewaharibia maisha wasio na kosa. Lakini ile habari ya majina mawili, kila mwanakamati wa madrasa aifikirie.

Kinachoweza kufanywa bila kungoja Nairobi

Madrasa zimewahi kukubali viwango bila kupoteza dini yake. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanza hapa Pwani miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation uliwafunza wanawake wa mitaa yetu kuwa walimu, ukazipa kamati zao utaratibu, na baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Kurani haikupungua hata aya moja.

Kamati inaweza kuanza wiki hii. Nakala ya kitambulisho na jina kamili daftarini, hilo halina gharama. Cheti cha maadili ni elfu moja na ushee pamoja na nauli, na kwa ustadhi anayelipwa posho ya vitoweo hiyo ni pesa, kwa hivyo kamati ilipe. Tunachangisha mazulia, tutashindwa na hili? Kisha simu, na hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndipo mimi nilipoteleza. Msimpigie aliyemsifu. Wapigieni kamati za sehemu mbili za mwisho alizosomesha, na msiulize kama ana elimu. Ulizeni: kwa nini aliondoka? Akitaka kurudi mtamchukua? Kimya cha mtu upande wa pili wa simu ni jibu. Yaandikeni mliyojibiwa, na tarehe. Watoto wasitumwe nyumbani kwa ustadhi, na anayesomesha mmoja mmoja asomeshe mlango ukiwa wazi. Ustadhi mwema haumii kwa hayo. Yanamlinda na uzushi, maana uzushi nao upo.

Jambo likishatokea, mtoto ndiye wa kwanza, kabla ya kikao chochote. Apelekwe hospitali, na mapema, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya daktari. Hospitali kuu ya Pwani mjini Mombasa ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kingono. Simu ya watoto ni 116 na ya dhuluma za kijinsia ni 1195, zote hazilipishwi. Kisha polisi, na mdai nambari ya OB. Ikiwa mtuhumiwa ni mwalimu wa shule, ofisi ya TSC ya kaunti nayo ijulishwe, kwa sababu kesi ya mahakamani ni moja na ya kuondolewa daftarini ni nyingine.

Mpwa wangu nilimpeleka mwenyewe kutia vidole. Aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alikuwa ustadhi wa makamo, kanzu nyeupe, C24 yake imekunjwa mara mbili mfukoni. Nikamwuliza kama naye anakwenda shule. Akasema hapana, ni wa chuo. Kamati ya huko aendako imemtumia nauli na pesa za cheti, na tayari imepiga simu mara mbili alikotoka.

"Mwanzo nilihisi vibaya, sheikh," akaniambia. "Kisha nikakumbuka nami nina mabinti wawili."

Nikamwomba jina la kamati ile na nambari ya katibu wao. Nimempigia. Ameniahidi kunitumia fomu wanayoitumia, na ikifika nitaipeleka kwa wenyeviti wa madrasa zote za kata yetu, nikianzia na ile niliyokuwa katibu wake.